Msamaha Ambao Mama Pasi Hakuweza Kuulipa

Watu walimwita Mama Pasi kwa sababu mbili, na ya pili hakuna aliyethubutu kumwambia usoni. Ya kwanza ilikuwa kazi yake. Alipiga pasi katika duka la dobi lililokuwa mtaa wa nyuma ya soko, na hapakuwa na mkono kama wake mji mzima. Shati likitoka mezani kwake, kola ilisimama kama imeamrishwa, na suruali ilikuwa na mstari ambao mwenyewe aliona haya kuketi akauharibu. Sababu ya pili ilikuwa kanisani. Kila Jumapili alisimama mlangoni, mkoba kwapani, akiwakagua kina mama na wasichana waliokuwa wakiingia. Sketi fupi ilirudishwa nyumbani na mwenye nayo. Hereni zilivuliwa zikatiwa mfukoni. Kitambaa cha kichwa kilichokaa upande kilivutwa mpaka kikakaa sawa, na mwenye kichwa hakuulizwa. Kwa hiyo waliposema Mama Pasi ananyoosha, ilibidi usikilize vizuri ndipo ujue yanazungumzwa mashati au watu.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la paa la bati na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na lilikuwa na kanuni nyingi kuliko madirisha. Nywele zisisukwe. Mwanamke asivae suruali. Ngoma isipigwe, mluzi usipigwe, jiko lisiwashwe siku ya Bwana, na anayecheka ndani ya kanisa atoke nje akamalizie huko. Aliyekosa aliwekwa benchi la nyuma, kando ya stoo ya mafagio, akakaa huko bila kushiriki meza ya Bwana mpaka wazee wa kanisa waone ametosha. Mama Pasi alizijua kanuni zote kichwani, hata zile ambazo mchungaji mwenyewe alishazisahau, na zaidi ya mara moja alimkumbusha katikati ya mahubiri kwa kukohoa.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mluzi mwingi. Mluzi ulimtoka bila yeye kujua, akikaza spoku au akiziba pancha, na siku moja ulimtoka kanisani wakati wa sadaka. Wakamweka benchi la nyuma. Alikaa Jumapili chache, kisha akaona afadhali amwombe Mungu kwenye kibanda chake cha kazi, penye hewa. Hakugombana na mtu. Kila Jumapili alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akamshusha mlangoni, akamwambia amfikishie salamu Mungu, akageuza. Jambo hilo lilimuuma Mama Pasi, lakini liliuma kimya kimya, maana kwake kanuni ilikuwa kanuni, hata ikimkuta baba watoto wake.

Watu hawakujua kwamba mwanamke huyo alikuwa na hofu. Waliopita chini ya macho yake pale mlangoni walidhani ana uhakika wa mbinguni kama mtu mwenye tiketi mkononi. Kumbe kila jioni, akishaosha vyombo, alikaa kwenye kigoda akaanza kujikagua mwenyewe. Leo alisema neno la ziada? Hasira aliyomkasirikia tajiri wake, mwenye duka, ilikuwa haki au dhambi? Alipocheka kazini, alicheka kwa kiasi? Hakuwahi kufika mwisho wa ukaguzi huo akashusha pumzi. Alikwenda kitandani kama mtu aliyeondoka kwenda safari akiwa hakumbuki kama alizima moto jikoni.

Sasa, katika kanisa hilo palikuwa na msusi. Alikuwa amezaa binti kabla ya kuolewa, na riziki yake ilitoka kwenye nywele za watu, kwa hiyo alikuwa na makosa mawili hata kabla hajafungua mdomo. Aliwekwa benchi la nyuma mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa mtoto alikuwa ameshang'oka meno ya mbele. Mwaka huo akapata mchumba, fundi bomba mmoja mpole aliyempenda mama na mtoto kwa pamoja, wala hakuona aibu kutembea njiani akiwa amembeba yule binti mabegani. Wakaenda kuomba kufungishwa ndoa. Wazee wakakaa, wakaamua: wafungishwe siku ya Alhamisi, ofisini kwa mchungaji, bila nyimbo, na bibi harusi asivae jeupe.

Aliyetumwa kupeleka uamuzi huo alikuwa Mama Pasi. Aliupeleka akiwa amesimama, hata kiti hakukikubali. Msusi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akasema ni sawa, ofisini atakwenda na gauni la rangi. Jeupe atalivaa nyumbani wakati wa sherehe, kwa sababu lilikuwa gauni la marehemu mama yake na alishajiwekea nadhiri. Mama Pasi alirudi kwake akipekua kichwani kanuni inayokataza jambo hilo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuipata.

Haikupita wiki, gauni hilo likaletwa dukani kwa dobi. Tajiri ndiye aliyelipokea, mtu mnene mcheshi asiyekanyaga kanisa lolote, ambaye kijiti cha meno kilikaa mdomoni mwake asubuhi hadi jioni. Alilifua kwa mkono wake mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu, kisha akamkabidhi Mama Pasi akimwambia alitazame kama yai. Hakukuwa na haja ya kumwambia. Kitambaa kilikuwa cha zamani, chepesi, cha kuteleza, na Mama Pasi aliipunguza pasi moto, akaanza na mikono ya gauni, akashuka kwenye sketi, akaacha kifua kiwe cha mwisho.

Ndipo alipoingia msichana mmoja wa kanisani kuchukua sare zake za kazi. Alikuwa amevaa suruali. Mama Pasi alimwona kwa pembe ya jicho na damu ikamchemka. Akageuka. Alianza na suruali yenyewe, akapita kwa wazazi waliomlea, akaenda kwenye hereni, na alikuwa amefika kwenye rangi ya midomo wakati msichana aliponusa hewa, akasema kwa adabu, “Mama, samahani, kuna kitu kinaungua.”

Pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kifua cha gauni. Mama Pasi aliirukia, akaisukuma kwa kiganja, na hata maumivu hakuyasikia. Chini yake palikuwa na alama ya kahawia, yenye umbo kamili la pasi, ncha yake ikiwa imeelekea shingoni. Pale pale ambapo bibi harusi hushikia maua.

Tajiri alikitoa kijiti mdomoni, na hilo lenyewe lilitosha kuonyesha ukubwa wa msiba. Kisha akasema pole pole kwamba kitambaa kilikuwa cha zamani, kwamba umeme siku hizi hauaminiki, na kwamba mteja akielezwa vizuri anaweza kuelewa kuwa hakuna mtu aliyekosea. Mama Pasi alitikisa kichwa. Alisema aliyeunguza ni yeye, na alikuwa akisema maneno ya kuwanyoosha watu wakati anaunguza. Akalikunja gauni ndani ya shuka safi, akatoka nalo kwenda kwa msusi.

Alikuwa hajawahi kuingia saluni. Aliingia sasa, jasho likimtiririka, katikati ya vioo na wanawake waliokuwa nusu wamesukwa nusu hawajasukwa, na wote wakageuka kwa kuwa walimjua. Walidhani amekuja kukagua. Badala yake alipiga magoti sakafuni, kwenye mabaki ya nywele, akalifunua shuka. Hakujitetea. Alisema, “Nimeliunguza, mwanangu. Ni mimi.”

Msusi, chanuo lake mkononi, akatazama ile alama. Aliweka chanuo chini. Aliligusa gauni kwa ncha za vidole, kifuani, na machozi yakamtoka bila sauti, yakaendelea kwa muda ambao Mama Pasi aliuona mrefu kuliko ibada yoyote. Alisema tu kwamba lilikuwa la mama. Kisha macho yake yakahama kutoka kwenye gauni yakashuka kwenye kiganja cha yule mama aliyepiga magoti, ngozi ikiwa imevimba na kuwa nyekundu.

“Umeungua,” akasema.

Mama Pasi akajibu kwamba mkono si kitu. Msusi hakumsikiliza. Alimwinua, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akakiweka kiganja chake chini ya bomba la kuoshea nywele, na maji ya baridi yakatiririka juu yake huku msusi amekishika kwa mikono yote miwili kama cha mtoto. Wakakaa hivyo. Mama Pasi, ambaye hakuwa amelia mbele ya mtu tangu alipoolewa, alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza upande, na hakukirudisha.

“Nimekusamehe, mama,” msusi akasema. “Limekwisha. Njoo harusini.”

Hapo ndipo taabu ya Mama Pasi ilipoanza. Angetukanwa angejua la kufanya. Angefokewa, angeinamisha kichwa, na mambo yangekuwa na mpango. Lakini msamaha ule ulimkaa kama nguo ya mtu mwingine. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alikuwa mlangoni pa saluni na ufagio. Siku iliyofuata akabeba taulo zote za saluni, akazirudisha zimepigwa pasi na kukunjwa pembe kwa pembe, wateja wakaogopa kujifutia. Akaahidi atamfulia msusi maisha yake yote, yeye na mume na mtoto, na watoto watakaokuja. Msusi alivumilia, kisha akampokonya ufagio taratibu.

“Mama, mbona unanilipa kitu nisichokudai?”

Mama Pasi alirudi akamweleza mumewe, na fundi baiskeli, aliyekuwa amelala chali chini ya baiskeli ya mtu, akamwambia kutoka huko chini kwamba ukipewa zawadi unasema asante. Mengine ni kelele.

Wakati huo huo habari zilikuwa zimesambaa. Wengine walisema Mama Pasi ameliunguza gauni kwa makusudi ili jeupe lisivaliwe, na hilo lilimuuma. Lakini kilichomuuma zaidi ni mzee mmoja wa kanisa aliyemsimamisha njiani, akamshika mkono wenye bandeji, akampongeza. Alisema mahali ambapo kanuni haikufika, pasi imefika. Alisema kwa furaha ya kweli kabisa. Mama Pasi alimtazama usoni na akaona, kama mtu anayepita mbele ya kioo bila kutarajia, uso ambao yeye mwenyewe alikuwa akiuvaa pale mlangoni miaka yote.

Hakusubiri Jumapili. Alikwenda kwa wazee, akakiri kwamba ameharibu mali ya yatima kwa kiburi na uzembe, akaomba aadhibiwe. Wazee walitazamana. Hawakuwa wamewahi kuletewa mkosaji na mkosaji mwenyewe. Mchungaji, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alijaribu kusema kwamba mwenye gauni ameshasamehe, lakini Mama Pasi akashikia bango: kanuni zinasema benchi la nyuma, basi benchi la nyuma. Wakampa alichotaka.

Jumapili hiyo aliingia kanisani kwa kuinamisha macho, akapita safu zote, akaketi kando ya stoo ya mafagio. Alikuwa amejiandaa kwa huzuni. Hakuwa amejiandaa kwa benchi lenyewe. Kulia kwake alikaa mzee mmoja mlinzi wa ghala, aliyewekwa pale kwa kusinzia kwenye mahubiri, na ambaye aliendelea kusinzia kwa amani. Kushoto kulikuwa na mama muuza vyungu aliyewasha jiko siku ya Bwana ili ampikie uji mgonjwa wake. Huyu alimkaribisha kwa kusogea na kumtilia pipi ya mnanaa kiganjani. Kando ya huyo, msusi na binti yake. Benchi zima lilimpa mkono mmoja mmoja, wale wale aliowapeleka huko yeye mwenyewe, wakamuulizia hali ya kidonda. Na nyimbo zilipoanza, aligundua jambo ambalo kutoka mlangoni halikusikika: sauti nzuri za kanisa lile zilikuwa nyuma. Mbele waliimba kwa uangalifu. Nyuma waliimba kama watu waliotolewa kifungoni.

Baada ya ibada alimvuta msusi kando, akamuuliza swali alilokuwa nalo tangu saluni.

“Umekaa hapa miaka yote hii. Huchoki kusubiri?”

“Kusubiri nini, mama?”

“Kusamehewa.”

Msusi alimtazama kwa mshangao, kisha akaelewa, na sauti yake ikashuka. “Mimi sisubiri. Nilisamehewa zamani, huyu akiwa bado tumboni. Nilipiga magoti nikamwambia Yesu sina cha kukupa, nina fujo tu. Akanipokea na fujo zangu. Benchi hili nimepewa na wazee, nami nawaheshimu, nakaa. Lakini msamaha sikupewa na wazee, kwa hiyo hawawezi kuuchelewesha.”

“Na hukufanya lolote ili uupate?”

“Nifanye nini, na yeye alishafanya? Msalaba haukuachwa nusu ili tuje tuumalizie sisi. Nilimwamini tu, mama. Mengine yote ninayofanya, nayafanya kwa kuwa nimefurahi.”

Mama Pasi aliketi kwenye kizingiti cha stoo. Alikumbuka maji ya bomba juu ya kiganja chake, na jinsi alivyokwenda kesho yake na ufagio. Akaona kwamba alichomfanyia msusi kwa siku chache, amekuwa akimfanyia Mungu tangu ujana wake. Kila asubuhi mlangoni kwake na ufagio, akifagia kwa nguvu, akiogopa kuinua macho asije akaambiwa hapajatakata. Na pengine, wakati wote huo, Mungu alikuwa akijaribu kumpokonya ufagio taratibu na kumwambia aingie ndani akae.

Alianza kucheka. Hakukusudia. Kilimtoka kicheko kidogo, kikafuatwa na kingine, mpaka mlinzi wa ghala akaamka akauliza kuna nini, na mama muuza vyungu akaanza kucheka bila kujua sababu. Msusi akamkumbatia. Mama Pasi alijua vizuri ni kanuni gani anaivunja na mahali pa kwenda kumalizia kicheko, lakini alibaki pale pale.

Mumewe alipokuja kumchukua alimwona anatoka na uso asioujua. Walipofika njiani, mkewe akiwa nyuma ya baiskeli, akamwomba ampigie ule wimbo aliokuwa akiupiga enzi za uchumba. Fundi alidhani amesikia vibaya. Alipoombwa tena, akaupiga, akikosea kwa furaha, na wapita njia wakamwona Mama Pasi anatingisha kichwa kwa mapigo. Jioni ile kigoda kilikaa peke yake. Alikwenda kulala mapema, akasema asante tu, kama alivyofundishwa na mtu aliyelala chini ya baiskeli.

Siku chache kabla ya harusi, msusi aliingia dukani kwa dobi na kifurushi. Alikuwa amelikata gauni la mama yake. Kifua kilichoungua alikiweka pembeni kama kumbukumbu, na kwa ile sketi pana fundi cherehani alikuwa amemshonea binti gauni dogo, lenye mikono ya kuvimba na mkanda. Kanuni haikusema kitu juu ya mtoto kuvaa jeupe. Lilihitaji kupigwa pasi.

Tajiri alinyoosha mikono alipokee. Msusi akampita, akaliweka mbele ya Mama Pasi.

“Nimekuletea wewe,” akasema.

Mama Pasi alirudi nyuma hatua. Akamwambia kwamba kitambaa ni kile kile, pasi ni ile ile, na mkono ni ule ule ulioharibu. Ampe mtu mwingine. Msusi akajibu kwamba mkono anaujua, aliushika mwenyewe. Akaaga akaenda zake kusuka, hata hakukaa kutazama.

Tajiri aliwafukuza wateja wote waliokuwa wakipiga soga pale mbele, akafunga mlango nusu. Mama Pasi aliomba kimoyomoyo, akaijaribu pasi kwenye kitambaa kibovu, akaanza. Mwanzoni aliipitisha kwa ncha tu, akiiinua kila mara kutazama chini yake. Kisha akakumbuka kwamba aliyempa kazi hii hakumpa ili amjaribu, na akaiacha pasi iteleze. Alilipiga pasi gauni lile kwa upole ambao hakuwa ameutumia kwa nguo nyingine yoyote, shati la waziri wala joho la hakimu, si kwa kuogopa kuunguza bali kwa kumpenda atakayelivaa. Lilipoisha, tajiri alilizunguka mara kadhaa, akasema angekuwa na binti angemwoza kesho.

Alhamisi ikafika. Ofisi ya mchungaji ilikuwa chumba chenye meza moja, kabati la majalada na viti vya kuhesabika. Wazee walitarajia watu wachache, ndoa fupi. Lakini benchi la nyuma lilikuja lote. Wakaja wateja wa saluni na vichwa vipya. Wakaja mafundi bomba, wenzake bwana harusi, wawili wao na spana mfukoni kwa kuwa walitoka kazini. Akaja tajiri wa dobi katika shati ambalo Mama Pasi alilinyoosha kwa bure, na fundi baiskeli amevua kofia. Bibi harusi alivaa gauni la njano, bwana harusi alivaa tabasamu ambalo halikumtoka kutwa. Ofisi ilijaa mpaka kwenye korido, na mchungaji alipoinua mkono kuanza kuomba alimgonga mtu pua.

Ndipo alipomwona yule binti aliyesimama mbele ya mama yake, katika jeupe lililonyooka, akionyesha pengo lake la meno. Mchungaji alijua historia ya kitambaa kile. Aliuliza ni nani aliyekipiga pasi.

Mama Pasi akainua mkono kutoka karibu na kabati.

Mchungaji alimtazama msusi, akamtazama Mama Pasi, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Akasema, “Twendeni kanisani. Humu hata Bwana mwenyewe hapati pa kusimama.”

Yule mzee aliyempongeza Mama Pasi njiani alimkumbusha uamuzi wa baraza, na alimkumbusha kwa heshima. Mchungaji akamjibu kwa heshima ile ile. “Naujua, ndugu yangu. Kanuni zetu nimezihubiri mpaka nimezeeka, na sijaona iliyomgeuza mtu kama nilivyomwona huyu mama amegeuka. Na aliyemgeuza ni mtu aliyemsamehe bila kumdai. Mimi naogopa tumekuwa tukiwauzia watu kitu ambacho Mungu alikitoa bure.”

Wakavuka ua, wakaingia kwa mlango mkubwa. Waliingia wote bila kukaguliwa, waliofunika nywele na walioziacha wazi, na msusi alipita katikati ya safu akiwa amemshika mtoto upande mmoja na bwana harusi upande mwingine, mpaka mbele kabisa, mahali ambapo hakuwa amefika tangu awe mama. Aliposema “nakubali” sauti ilimkatika, akairudia kwa nguvu, watu wakacheka na hakuna aliyetolewa nje. Kisha wakaimba. Hakuna aliyekuwa ameandaa wimbo, na sauti ya kwanza ilikwenda juu mno, wote wakapotea. Katikati ya vurugu hiyo mluzi ulisikika kutoka upande wa wanaume, mmoja, safi, ukiushika wimbo mahali pake, na waimbaji wakaufuata mpaka wakasimama imara. Macho ya nusu ya kanisa yalimgeukia Mama Pasi kungoja kikohozi. Mama Pasi alikuwa amefumba macho, mikono juu, kiganja chenye kovu kikiwa wazi kwa wote, anaimba.

Mambo hayakubadilika yote kwa siku moja. Mzee yule na wengine wachache walinuna, wakahamia kusali mtaa wa pili, na mmoja wao akarudi baadaye bila kelele. Mchungaji alihubiri juu ya neema Jumapili kadhaa mfululizo, akikwama hapa na pale kama mtu anayejifunza njia mpya ya kwenda nyumbani kwake. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, aliwaita walio nyuma waje kwanza. Fundi baiskeli alikula pamoja na mkewe, baada ya miaka mingi, na alikuwa na mafuta ya mnyororo kwenye kucha.

Mama Pasi walimrudisha mlangoni, kwa sababu aliupenda mlango huo na alijua jina la kila mtu. Aliendelea kuvaa sketi zake ndefu na kitambaa chake cha kichwa, kwa kuwa alivipenda hivyo. Ila sasa kazi yake ilikuwa kupokea miavuli, kubeba vichanga ili kina mama wapumzishe mikono, na kumtafutia mgeni pa kukaa. Wasichana walichukua muda kumwamini. Kwa wiki kadhaa walimkaribia huku wakivuta sketi chini kwa mazoea, naye akawashika mikono hiyo hiyo iliyokuwa ikivuta, akawasalimia.

Dukani, tajiri hakuacha kumchokoza. Siku moja, kijiti kikiwa pembeni mwa mdomo, alisema ameifikiria hiyo dini yake mpya na ameona ina tundu. Kama mtu amesamehewa yote bure, kwa imani tu, basi Mama Pasi anaweza kuondoka jioni na sanduku zima la sabuni na asiwe na wasiwasi.

Mama Pasi aliligeuza shuka, akapitisha pasi ukingoni. “Zamani ndiyo nilikuwa naitamani sabuni yako,” akasema. “Nilikuwa naogopa tu kuchomwa moto. Sasa nimependwa, na hamu imeniisha. Mtu akishakukumbatia hivyo, sabuni utaipeleka wapi?”

Tajiri alicheka mpaka kijiti kikaanguka. Alipokwisha kujifuta macho akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, ibada huanza saa ngapi. Mama Pasi akamwambia, na akamwahidi kumsubiri mlangoni. Kisha akamwomba aongeze maji kwenye birika la kunyunyizia, maana mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yanatakiwa kabla ya adhuhuri, na bado yalikuwa mlima.